Mapaja ya Erasto

Nianze na ukweli, msije mkasema baadaye kwamba mzee aliwaficha. Mimi namwonea wivu Erasto. Sio kwa shamba lake, wala kwa watoto wake waliosoma. Namwonea wivu kwa mapaja. Ana miaka sabini na minne, mimi sabini na moja, na akiketi kwenye kigoda huinuka mikono ikiwa mfukoni. Mfukoni! Akiinuka hivyo mbele yangu huwa naona kama amenitukania mama.

Nawaandikia ninyi vijana mnaopakia viazi pale Makambako, mnaopita mbele ya kibaraza changu hapa Kitandililo asubuhi mkiwahi magari, tumboni mna chai na andazi moja. Nawaona. Nilikuwa hivyo hivyo. Nimebeba mizigo pale miaka thelathini na saba: viazi, mahindi, maharage, mbao za kutoka Njombe, hata mabati. Nina mambo machache ya kuwaambia kuhusu kubeba, na machache kuhusu kula. Ya kubeba niliyajua mapema. Ya kula nimeyajua juzi juzi, tena kwa kuchungulia.

Kwanza kubeba, maana nawaona mnavyoharibu. Nyapara wetu, Mzee Mgaya, alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye sauti ya kufukuza ngedere shambani. Siku yangu ya kwanza alinisimamisha mbele ya lumbesa, lile gunia lililojazwa mpaka likashonewa kilemba cha viazi juu ya mdomo, akaniambia, "Kijana, gunia halibebwi na mgongo. Mgongo ni ubao wa kuegemezea tu. Anayebeba ni paja." Tanua miguu, chuchumaa mpaka chini, wenzako wakupandishie mzigo katikati ya mabega na si shingoni, vuta pumzi, halafu inuka na mapaja. Ukiwa kwenye ule ubao wa kupandia lori usiangalie miguu, angalia unakokwenda. Nilishika somo lile haraka, na kwa sababu Mungu alinipa mwili mkubwa, mwaka haukuisha kabla hawajaniita Winchi.

Erasto alikuja baadaye, Mpangwa wa Ludewa, miguu myembamba, masikio makubwa. Tukamcheka. Yeye alibeba gunia moja nilipobeba mawili. Wateja walipofika na haraka walisema, "Niitieni Winchi." Hakuna aliyewahi kusema niitieni Erasto. Wakati huo wivu ulikuwa wa kwake, mimi sikuujua hata harufu yake.

Sasa sikilizeni kosa langu. Mzee Mgaya alikuwa na sheria ya chungu. Kila mbebaji asubuhi alileta kikombe cha maharage au cha mahindi, mama mmoja nyuma ya soko anatupikia kande, na mchana hakuna aliyeruhusiwa kupanda ubao wa lori la jioni kabla hajala sahani yake. "Lori la jioni linabebwa na chungu," alisema. Nyapara alisimama pale akihesabu sahani. Lakini mimi niliona aibu kula maharage mbele ya watu. Sifa yangu ilikuwa kubeba sana na kula kidogo. Wakisema, "Winchi anakula kama ndege halafu anabeba kama treni," nilifura kichwa. Basi nilipokea sahani yangu, nikazunguka nyuma ya magunia, nikamsukumia Erasto, halafu nikaenda zangu kwa mama muuza ulanzi, pombe yetu ya mianzi, kupiga bilauri mbili za mkangafu, ule uliokaa siku mbili tatu ukakolea. Ulanzi ulinijaza tumbo na kunichangamsha, nikadhani nimekula.

Hebu fikirini. Miaka na miaka nilikuwa namlisha adui yangu sehemu yangu ya maharage kwa mkono wangu mwenyewe, na yeye anashukuru!

Ujana husamehe. Nilibeba vizuri mpaka nilipostaafu, goti la kulia likilia kidogo wakati wa baridi. Siku hizi mna maguta, yale ya magurudumu matatu, ya kuleta mzigo mpaka ubavuni mwa lori, sisi tulitembea na gunia kutoka ndani ya ghala. Nilipoacha kazi nilisema, sasa mwili upumzike. Na hapo ndipo wazee wengi wa kwetu tunapojimaliza. Tunasema, mzee hafanyi kazi, basi ale kidogo. Nyama ikipikwa, nyama ni ya watoto na wageni, mzee atapata mchuzi. Kuku akitaga, mayai yanauzwa. Mzee anayeng'ang'ania kipande cha nyama mbele ya wajukuu anaonekana mlafi. Meno nayo yalishaondoka, yamebaki matano yasiyoonana. Kwa hiyo asubuhi nilikunywa chai ya sukari na kiazi, mchana ugali na mboga za maboga, jioni uji mweupe. Nilijisifu kwa watu kwamba simsumbui mtu. Binti yangu Tumaini, fundi cherehani ninayeishi naye tangu mke wangu Rahel, mama yake, afariki, alikuwa akiniuliza, "Baba, nikukaangie yai?" Namjibu, "La nini? Naenda kubeba gunia?"

Mwaka huu, wiki moja baada ya Pasaka, nilikwenda chooni asubuhi. Choo chetu ni cha shimo, cha kuchuchumaa. Nikachuchumaa vizuri. Kuinuka, miguu ikakataa. Nikajaribu tena, ikakataa. Nikashika mlango, mlango ukang'oka bawaba, nikabaki nao mkononi. Mimi Winchi, niliyechuchumaa na kuinuka na lumbesa begani mara ngapi sijui, nikawa pale chini na mlango wa bati mapajani, nikimwita binti yangu aje anivute. Kicheko chenu nakisikia. Chekeni tu, lakini mimi siku hiyo nililia.

Tumaini alimpigia simu kaka yake Yona, aliye Dar. Yona akasema maneno aliyokuwa akiyatafutia nafasi muda mrefu. "Baba, hapo hapakufai tena. Njoo kwangu, kuna choo cha kukaa, kuna msichana wa kukuangalia."

"Siji," nikasema.

"Baba, ukiangukia chooni usiku Tumaini akiwa hayupo?"

"Siji."

Tulibishana mpaka salio la Tumaini likakatika. Yona alipopiga mwenyewe alikuwa amelainika kidogo. Angekuja likizo wakati wa Nanenane. Akinikuta nainuka mwenyewe, nabaki. Akinikuta nashikiliwa, naondoka naye, na nyumba inapangishwa. Nikakubali.

Vijana, nyumba hii niliijenga gunia kwa gunia. Rahel amelala nyuma yake, karibu na mipichi aliyoipanda mwenyewe. Mtu mwingine apangishwe hapa, watoto wake wachezee pale? Nilikuwa na miezi mitatu na kitu.

Siku ya wazee kule zahanati nikamkuta Erasto benchini, amekuja kupimwa presha tu. Muuguzi, binti mpole aitwaye Upendo, aliniletea kiti cha mbao kisicho na mikono. Akasema, "Babu, kunja mikono kifuani, uinuke ukae, uinuke ukae, mara tano." Nikakunja mikono. Nikainama mbele. Makalio yakaachana na kiti kidogo, yakarudi. Upendo akasema, "Pole pole, jaribu tena." Nikarudi tena. Watu benchini wakaniangalia kwa jicho la huruma, ambalo ni baya kuliko kicheko.

Erasto akaitwa. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Halafu akamgeukia binti wa watu na kumuuliza, "Niongeze?"

Nilitaka ardhi inimeze, ila immeze yeye kwanza.

Upendo alitueleza, na nawaeleza kama alivyoeleza. Misuli ya mzee inaisha yenyewe kidogo kidogo hata kama haumwi. Mzee anahitaji chakula cha kutia nguvu kidogo kuliko kijana, ni kweli, lakini vile vya kujenga mwili anavihitaji hata kumzidi kijana, kwa sababu mwili wake umekuwa mzito wa kusikia: maharage, mayai, maziwa, dagaa, samaki, nyama, karanga. Tena si kula vyote jioni, bali kila mlo uwe na kitu chake. Na kula peke yake hakutoshi, lazima misuli ipewe kazi. "Ukila bila kufanya mazoezi, babu, unaleta matofali bila fundi. Ukifanya mazoezi bila kula, fundi amekuja hakuna matofali." Akanipima mkojo na damu, akasema figo ziko salama, kwa sababu mwenye figo mbovu haruhusiwi kujilisha hovyo mpaka amuulize daktari.

Mimi nilimsikia, lakini sikumwamini. Wivu hauamini maelezo mepesi. Maharage? Mtu mwenye miguu kama ile ya kuku wa kienyeji, leo anaruka kwa ajili ya maharage? Nikasema moyoni, huyu ana dawa. Ludewa ni mbali, kuna milima na watu wanaojua mizizi. Nikaamua kumchunguza.

Erasto anakaa kwenye kiwanja kinachopakana na changu, kati yetu upo uzio wa mianzi uliochakaa. Wiki ya kwanza sikuona kitu. Walikuwa wanakula ndani, jikoni, nikaambulia moshi. Nilimwendea mkewe, Mama Stella, kwa ujanja.

"Kamwene shemeji. Hivi mnakula nini hapa siku hizi?"

"Kamwene. Tunakula chakula."

"Chakula gani?"

"Cha kupikwa," akasema, akaniangalia kwa jicho moja mpaka nikaaga.

Wiki ya pili bahati ikaniangukia. Asubuhi moja nilisikia kiti kikiburutwa. Nikachungulia. Erasto ametoa meza ndogo na kigoda, ameviweka nje, upande wa uzio, hatua kama nne kutoka jicho langu. Nikasema, Mungu amemtoa mwizi pangoni.

Nikaweka debe langu nyuma ya mianzi, nikawa nakaa hapo kila asubuhi, mchana na jioni. Niliona yote. Asubuhi yai moja la kuchemsha, wakati mwingine mawili, na kikombe cha maziwa. Mchana maharage, mengi, ugali ukiwa wa kusindikiza tu. Jioni dagaa wa Nyasa wanaoletwa na mkwe wake kutoka Ludewa. Katikati karanga, au parachichi na kipande cha kiazi. Hakuna mzizi. Nilitazama hata chini ya meza.

Kilichoniudhi ni mdomo wake. Mtu anakula nje akipiga kelele. "Mama Stella! Hawa dagaa umewatwanga vizuri wakawa unga, hata mtu asiye na meno anaweza kutia kwenye uji wake!" Nikajua ananisema mimi. Kesho yake, "Mama Stella! Maharage yakipondwa hivi na kitunguu, tumbo halisumbui!" Akimaliza kula anapumzika, halafu anaanza kuinuka na kukaa kwenye kile kigoda, akihesabu kwa sauti kama mwalimu wa chekechea. "Moja! Shika meza kwa mikono miwili kama ndiyo unaanza! Mbili!" Nani anajifundisha mwenyewe kwa sauti? Nilisema huyu mzee majivuno yamempanda kichwani.

Lakini nilichukua kila kitu. Niliiba bila haya. Nilimwambia Tumaini, "Kuanzia leo mayai hayauzwi." Binti yangu aliacha cherehani akaja kunishika paji la uso.

Hapa nikafanya kosa jingine, la wivu. Erasto akila yai moja, mimi nilikula matatu. Akila sahani ya maharage, mimi sahani mbili. Siku ya nne tumbo lilivimba, na Jumapili kanisani, mchungaji akiwa ametuambia tuinamishe vichwa kwa sala ya kimya, tumbo langu likahubiri. Nilirudi kwa Upendo nimeinamisha kichwa. Akanikemea: anza na kidogo, ongeza polepole, maharage yalowekwe usiku na maji yamwagwe, na kunywa maji ya kutosha. Tumaini akaanza kunipondea maharage, akanitwangia dagaa na kuwatia kwenye uji. Uji ule mweupe nilioupenda ukawa na rangi na harufu ya ziwa. Nikazoea.

Mazoezi nayo niliyafanya nyuma ya uzio, Erasto akihesabu upande wake, mimi nikiinuka upande wangu kimya kimya nisisikike. Wiki za kwanza nilishika ukuta kwa mikono miwili. Mwezi wa sita mkono mmoja. Halafu vidole tu. Siku nilipoinuka bila kushika kitu, mara moja tu, nilitaka kupiga kelele, nikauma mkono wa sweta. Yule wa upande wa pili alikuwa anasema, "Tano! Leo nimejitahidi!" Nikamtukana moyoni.

Mnaijua Makambako mwezi wa saba. Ule upepo haubishi hodi, unaingia mpaka kwenye mifupa. Watu wote wamejifungia jikoni na mkaa. Erasto yuko nje, sweta mbili, kofia ya sufu, blanketi mabegani, uji unapoa kabla haujafika mdomoni, anakula huku anakohoa. Nilimwangalia nikasema, mjinga huyu, ana jiko zuri ndani. Nikavuta blanketi langu, nikaendelea kunakili. Mwishoni mwa mwezi meza ikabaki tupu siku mbili, tatu. Sikujali sana. Nilishajua somo lote.

Nanenane Yona akafika. Hakutaka hata chai kwanza. Alileta kigoda cha mama yake, kile kifupi cha jikoni, akakiweka sebuleni. "Baba, kaa." Nikakaa. Tumaini akasimama mlangoni na sindano ameishika mdomoni. Nikakunja mikono kifuani, nikatanua miguu kama alivyonifundisha Mzee Mgaya, nikainuka. Moja. Mbili. Ya tatu goti la kulia lililia, nikalipuuza. Nne. Tano. Yona alikuwa amegeukia dirishani, anafuta uso. Nikaongeza ya sita, na hiyo ya sita ilikuwa ya Erasto, ya kumkomesha.

"Basi baba," Yona akasema. "Baki kwako."

Sikumaliza hata kusikia. Nilichukua fimbo, nikaizungusha tu mkononi, nikaenda kwa jirani kujisifu. Nilikuwa nimeandaa maneno. Mama Stella akanifungulia, hakunikaribisha, akaanza kunifokea palepale mlangoni.

"Umekuja kuona ulichofanya? Huyo hapo kitandani, kifua kimembana wiki nzima! Tumaini alipotuambia ya Dar nilimwambia, Baba Stella, mwite huyo mtu umweleze kama binadamu. Anasema, hapana, Winchi ukimwambia hataki, ukimficha anaiba. Miezi mitatu anakula nje kwenye upepo ili wewe uchungulie! Mimi nasaga dagaa, yeye anapiga mayowe kama kichaa, eti usikie na wewe!"

"Mama, nyamaza," sauti ya Erasto ikatoka ndani, imekauka.

Niliingia. Alikuwa chini ya mablanketi, masikio yake makubwa yamebaki peke yake usoni. Akaniuliza, "Umefika ngapi?"

"Sita."

"Sita!" Akacheka, kikohozi kikamkata. "Mimi jana nilishindwa ya pili. Nilijua ukikaza utanipita."

"Kwa nini, Erasto?"

"Uende Dar, mimi nimkasirishe nani hapa?"

Vijana, nilikaa ukingoni mwa kile kitanda. Nilijiona mwizi hodari, kumbe nilikuwa nalishwa. Hata miguu niliyoingia nayo mle ndani ni yake. Na wivu, ule wa mapaja, ulihama ukaenda mahali pengine panapouma zaidi. Miaka yote nimemjua mtu huyu, na sikumbuki siku niliyosogeza kigoda changu hatua moja kwa ajili yake. Mimi nilikuwa na mwili mkubwa tu.

Nikamwita Mama Stella alete bakuli la uji. Erasto akageuza uso, anasema hana hamu. Nikachota kijiko, nikakishikilia mbele ya mdomo wake.

"Kula, Mpangwa wewe. Sikutoka jasho miezi mitatu ili nije nimshinde mgonjwa."

Akala. Alikula mpaka kijiko kikagonga chini ya bakuli. Halafu akasukuma mablanketi, akashusha miguu yake myembamba sakafuni, akakunja mikono kifuani, akanikazia macho na kuinuka, mara moja tu, kabla hajarudi kitandani anahema. Nilisikia wivu ukinipanda palepale, na safari hii nilimwambia kwa mdomo wangu kwamba namwonea wivu.